Fasihi Yetu Ina Mwanafunzi, Haina Darasa

Ukitaka kumjua mwanafunzi wa Tanzania, fasihi ya Kiswahili itakusaidia sana. Utamkuta Rosa wa Ukerewe katika Rosa Mistika, utamkuta Kazimoto wa Kichwamaji akirudi nyumbani kutoka chuo kikuu, utawakuta Peter na Zita wa Watoto wa Mama N'tilie wakirudishwa kwao kwa kukosa ada na sare. Lakini ukitaka kulijua darasa, yaani wale hamsini, sitini au themanini waliokaa chumba kimoja miaka minne, wakamaliza siku moja na kutawanyika, itabidi uweke vitabu chini. Hawamo. Na wakiwamo, wamesimama nyuma ya mhusika mkuu kama yale maua yaliyochorwa ukutani kwenye picha za studio.

Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, na sababu yangu haitoki kwenye vitabu peke yake. Mimi ni wa kidato cha nne 2012, Babati mjini. Wanaoukumbuka mwaka ule wameshanielewa. Kwa wasioukumbuka, hebu niwakumbushe kwa ufupi.

Mtihani tuliufanya Oktoba 2012. Februari 2013 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, akatangaza matokeo: zaidi ya watahiniwa 240,000 nchi nzima wamepata sifuri, karibu sita katika kila kumi. Nchi ikashtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei 2013 Bunge likaambiwa kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu uliotumika 2011, kwa kuwa ule mpya uliletwa bila maandalizi ya kutosha. Yakapangwa upya. Wapo waliopanda, lakini zaidi ya 200,000 walibaki na sifuri yao ileile. Kwa hiyo sisi ni darasa lililotangazwa mara mbili. Kwa lugha ya wenye vitabu, tuna toleo la kwanza, na tuna toleo la pili lililosahihishwa.

Jambo kubwa namna hiyo lilistahili riwaya. Kwenye rafu yangu ya riwaya za Kiswahili hakuna hata moja inayoanzia hapo. Kilichopo ni maandishi mengine ambayo hakuna anayeyaita fasihi: risala ya mahafali, orodha ya matokeo, na shati la shule lililojaa sahihi. Nataka tuyasome hayo matatu kwa makini yaleyale tunayoyatumia kusoma riwaya, halafu turudi kuuliza riwaya zetu zilikuwa wapi.

Tuanze na risala. Kila Mtanzania aliyefika kidato cha nne ameisikia. Neno lenyewe limetoka Kiarabu na maana yake ni ujumbe, au barua. Na kweli risala ya wahitimu ni barua, maana ina anayeandikiwa. Anayeandikiwa ni mgeni rasmi, yule aliyekaa meza kuu chini ya turubai, chupa ya maji mbele yake na maua ya plastiki shingoni. Wahitimu hawaandikiwi kitu. Wamekaa kwenye viti vya kukodi jua likiwapiga, na kazi yao siku hiyo ni kusomwa.

Mpangilio wake haubadiliki. Kwanza salamu kwa kufuata vyeo, kuanzia mgeni rasmi mpaka "wanafunzi wenzetu" ambao daima ni wa mwisho. Kisha shukrani. Kisha historia fupi ya darasa, mafanikio ya taaluma na michezo, halafu changamoto: upungufu wa walimu wa sayansi, maabara isiyo na vifaa, nyumba za walimu, uzio, maji. Mwisho maombi. Shule nyingi za mji wetu na vijiji vya jirani zilikuwa za kata, zilizofunguliwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004. Majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa mwendo wao. Kwa hiyo orodha ile ya changamoto ilikuwa ya kweli, mstari kwa mstari. Mgeni rasmi naye huahidi mifuko ya saruji na mabati, watu wanapiga makofi, MC anaweka muziki.

Sentensi ninayotaka tuitazame iko kwenye ile historia fupi. Inasema kwamba tulianza kidato cha kwanza tukiwa idadi fulani, leo tunahitimu idadi fulani, na wenzetu "walipungua kwa sababu mbalimbali zikiwemo utoro, mimba, uhamisho na vifo." Ukienda mahafali ya Babati, ya Masasi au ya Kibondo, sentensi hii utaikuta.

Kitenzi hiki, kupungua, hakina mtendaji. Unga hupungua kwenye debe. Maji ya Ziwa Babati hupungua kiangazi. Mwanafunzi hapungui. Mwanafunzi anafukuzwa, anaozeshwa, anapelekwa kuchunga ng'ombe wa mjomba, anapewa mimba na mtu mwenye jina na anwani, anaugua, anafariki. Risala imechukua matendo yote hayo, kila moja na mtu wake na siku yake, ikayatia kwenye kitenzi kimoja kisichomdai mtu yeyote. Na imeweka "mimba" kati ya "utoro" na "uhamisho" kana kwamba ni mambo ya uzito mmoja.

Darasani kwetu alikuwepo msichana aliyekuwa akitusomea Kilio Chetu kwa sauti, wahusika wote yeye mwenyewe. Akifika kwa Mama Suzi anabana pua, akifika kwa Joti anatupa mabega. Ile tamthiliya, mnaikumbuka, inahusu vijana wa shule ambao wazazi wao wanaona aibu kuwaeleza habari za mwili, mpaka mimba na UKIMWI vinaingia nyumbani. Kabla hatujamaliza kuichambua, msomaji wetu akawa hayupo. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa wazi: mwenye mimba anaondoka. Tuliobaki tuliendelea kujibu maswali ya dhamira na ujumbe. Ulipotoka uamuzi wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, Novemba 2021, mtoto wake alikuwa ana umri wa karibu miaka kumi. Kwenye risala ya 2012 yeye ni sehemu ya neno moja, "walipungua."

Nasema haya bila kumlaumu aliyeandika risala. Huwa anateuliwa mwenye mwandiko mzuri au sauti nzuri, anapewa mfano wa mwaka jana, mwalimu anapitia na kalamu nyekundu. Kijana wa miaka kumi na saba anaandika "sisi" kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza, kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Ni ugumu ambao hata mwandishi mkongwe ungemtoa jasho.

Andiko la pili ni orodha ya matokeo. Huku hakuna hata "sisi." Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, matokeo yetu yalitoka kwa namba: namba ya shule, namba ya mtahiniwa, herufi ya jinsia, pointi, divisheni, halafu masomo kwa kifupi, kila somo na herufi yake. Jina hakuna. Miaka minne ya mtu inakuwa mstari mmoja, na mstari huo una mapigo yake kabisa, kama shairi lenye kina kimoja: CIV F, HIST F, GEO F, KISW C, ENGL F, BIO F. Siku ile pale mjini, kwenye vibanda vya intaneti karibu na stendi, watu walikuwa wanasoma mistari hiyo kwa sauti, mmoja anataja namba na mwingine anafuatisha kwa kidole kwenye kioo. Sijawahi tena kuona umati ukisoma andiko moja kwa umakini namna ile.

Angalia hiyo C ya Kiswahili. Kwa wenzangu wengi ndiyo herufi pekee iliyosimama. Masomo karibu yote walipimwa kwa Kiingereza, lugha waliyokutana nayo kama lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza, baada ya miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Somo walilolifaulu ni lile ambalo lingewawezesha kusimulia yaliyowakuta kwenye hayo mengine. Hilo peke yake lingetosha kuwa mwanzo wa kitabu.

Wakati ule iliripotiwa pia kwamba baadhi ya watahiniwa waliandika mistari ya nyimbo za Bongo Fleva kwenye karatasi za majibu, wengine wakachora picha. Nchi ilicheka, na mpaka leo ukitaja 2012 mtu atakuletea utani wa mazombi. Mimi kama msomaji nacheka kidogo halafu nasimama. Fikiria kijana amefungiwa ukumbini na karatasi ya maswali ambayo haelewi yanauliza nini. Kurasa zile tupu ndizo kurasa pekee katika maisha yake ambazo serikali imemlipa mtu azisome. Akaandika anachokijua kwa moyo. Sisemi kwamba ni sanaa. Nasema alikuwa na kitu cha kuandika na hakuwa na mahali pengine pa kukipeleka, na msomaji wake akawa mmoja tu, msahihishaji mwenye kalamu nyekundu.

Andiko la tatu ni shati. Siku ya karatasi ya mwisho, wakuu wa shule wanapokataza na walinzi wanapofukuza, wanafunzi huandikiana kwenye mashati kwa kalamu za wino. Majina, namba za simu, "usinisahau," "safari bado," "tutaonana chuo." Kama fani, shati liko karibu na kanga na maandishi ya nyuma ya daladala: maneno machache, nafasi ndogo, mwandishi anaongea na mtu mmoja huku wengine wakisoma. Lakini lina jambo ambalo kanga haina. Limeandikwa na watu wengi, kila mmoja kwa mwandiko wake, na kila shati ni tofauti na lingine kwa sababu kila mtu alikuwa na marafiki tofauti. Ukikusanya mashati yote ya darasa moja ukayatandika uwanjani, utapata ramani ya nani alimpenda nani, nani alikaa peke yake, nani aliandika kwa kila mtu, na nani hakuandikiwa na yeyote. Mwanafasihi angetaka nini zaidi?

Na mashati hayo hayapo. Ya kwetu mengi yalifuliwa kwa Jik jioni ileile au wiki ileile, kwa sababu mwezi wa kwanza mdogo wake mtu anaingia kidato cha kwanza na shati bado zima. Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa anaona shati, na shati linagharimu. Nina mwenzangu ambaye mdogo wake alikaa darasani mwaka mzima na kivuli cha jina la mtu mgongoni, wino uliokataa kutoka. Hilo ndilo toleo pekee la kumbukumbu za darasa letu ambalo nilishuhudia likisomwa tena.

Basi hayo ndiyo maandishi yetu. La kwanza linasema "sisi" lakini linaongea na mgeni. La pili linahesabu bila kutaja. La tatu linataja kila mtu na limefuliwa. Fasihi iliyochapishwa ilikuwa wapi?

Nadhani jibu liko kwenye tarehe. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika 1971 na Kichwamaji 1974. Miaka ile mwanafunzi wa sekondari alikuwa mtu adimu. Kijiji kizima kilimjua, kilimsindikiza, kilisubiri barua zake. Riwaya ya mtu mmoja ililingana sawasawa na elimu ya mtu mmojammoja. Swali la Kezilahabi lilikuwa shule inaifanya nini nafsi ya mtu anayetolewa peke yake kwao na kupelekwa mbali, na kwa swali hilo alihitaji mhusika mmoja aliye mpweke. Ndiyo maana vitabu vile bado vinauma ukivisoma.

Sasa njoo 2012. Watahiniwa tulikaribia 400,000. Sekondari iko kata ya jirani, mtu anaenda kwa miguu na kurudi kula ugali kwao. Kusoma kidato cha nne si ajabu tena, na kufeli pia si ajabu. Elimu imekuwa jambo la umati, lakini riwaya ya mwanafunzi imebaki na ramani ileile ya 1971: mmoja anatoka, anapotoka, anaanguka. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Riwaya inaishia pale mtu anapoanguka. Kwa darasa la 2012 pale ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu watu laki mbili na zaidi hawakufa kwa sifuri. Waliamka kesho yake, wakaulizwa na baba wanafanya nini leo.

Utaniambia Kilio Chetu kina kundi la vijana. Ni kweli, na ndiyo maana darasani tuliipenda kuliko vitabu vingine. Vijana wale wanataniana na kudanganyana kama sisi. Lakini kundi lile limeajiriwa na somo. Kila kijana amepewa kosa lake na adhabu yake, ili mtazamaji aondoke na ujumbe. Humo hamna nafasi ya kijana ambaye hakufundishi kitu, ambaye alikuwa tu mcheshi na anajua kupiga mluzi wa kumwiga mwalimu wa zamu. Darasa halisi limejaa watu wa namna hiyo.

Tulisoma pia Ngoswe ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa anaingia kijijini, anafikia kwa Mzee Mitomingi, anampenda Mazoea binti wa mwenye nyumba, na mwisho karatasi za hesabu zinateketea kwa moto. Tulimcheka sana Ngoswe. Ukiitazama leo, tamthiliya ile inasema jambo zito kuhusu nchi inayotaka kujua idadi ya watu wake na inashindwa kwa uzembe wa wanaohesabu. Miezi michache baada ya kuichambua, sisi wenyewe tulihesabiwa, hesabu ikafutwa, tukahesabiwa tena. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angeweza kuingia darasani Mei 2013 na kitabu kilekile na kupata kipindi bora kuliko vyote. Tatizo, darasa lilikuwa limeshatawanyika.

Kuna utanzu mwingine unaoyakumbuka madarasa: tawasifu za wakubwa. Benjamin Mkapa katika My Life, My Purpose ya 2019 anapita Ndanda na Pugu. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kitabu kizima, In the House of the Interpreter, kuhusu miaka yake Alliance High School kule Kenya. Ni vitabu vizuri, na nimejifunza mengi humo. Lakini vina sharti moja ambalo halisemwi: darasa linakumbukwa kwa sababu limemtoa mtu. Wenzake wanaingia kitabuni kwa tiketi yake. Shule ya kata ya Babati, ambayo haijatoa rais wala mwandishi wa dunia nzima, itasubiri mpaka lini ndipo wanafunzi wake waandikwe? Na akitokea huyo mkubwa, si ataandika habari zake?

Najua pingamizi la watu wa riwaya. Watasema wahusika sitini hawabebeki, msomaji atapotea. Mimi nadhani tunasema hivyo kwa sababu tumejifunza riwaya kutoka upande mmoja. Huku kwetu Manyara kuna utanzu wa Wairaqw unaoitwa slufay, sala ya kishairi ambayo mzee mmoja anatamka na waliokusanyika wanaitikia. Anayeongea ni mmoja, lakini bila mwitikio hakuna slufay. Sauti ya pamoja inajengwa hapohapo, mbele ya watu, na wao wanashiriki kuijenga. Kaa pia kwenye kijiwe cha bodaboda pale stendi ya Babati usikilize hadithi inavyosimuliwa: mmoja anaanza, wa pili anamkatiza, wa tatu anasema "hapana, siku hiyo ilikuwa Jumanne," na hadithi inafika mwisho ikiwa ya wote. Kiswahili chenyewe kimetupa kiambishi tu-, silabi moja inayobeba umati. Vifaa tunavyo.

Ila "tu-" ya risala haitatufaa, maana imepigwa pasi. "Tu-" ninayoitaka ina ubishi ndani yake. Darasa langu halikubaliani hata juu ya siku ile ya Februari. Tuliofaulu, na tulikuwa wachache, tunaikumbuka kama siku ya ajabu. Mwenzangu mmoja aliyepata ziro anasema hakumbuki matokeo kabisa. Anakumbuka kwamba nyumbani walikuwa wanapura mbaazi na hakuna aliyemwambia apumzike. Mwingine alirisiti mara mbili, leo ni muuguzi, na hataki 2012 itajwe mbele ya wanawe. Yupo aliyepata divisheni nzuri, akaenda chuo kikuu, akarudi na digrii, anaendesha bodaboda kijiwe kimoja na wawili waliopata sifuri, na hao wawili ndio waliomfundisha kazi. Ukimwuliza nani kati yao alifaulu, watakucheka wote watatu.

Na yupo wa toleo la pili. Februari alipata ziro. Hakusubiri tume. Machi akapanda gari kwenda Mererani, kule Simanjiro, kuungana na vijana wanaoitwa wana-Apollo wanaoshuka shimoni kutafuta tanzanite. Mei matokeo yakapangwa upya, ziro yake ikawa foo. Kaka yake akampigia simu kumpa habari. Akauliza kama hiyo foo inaweza kumshusha shimoni na kumpandisha. Watu walisimulia jibu hilo kama kichekesho, nami nililisikia kwanza kama kichekesho. Cheti chake kilichukuliwa na mtu wa nyumbani. Yeye alifia machimboni miaka michache baadaye.

Msibani kuna fasihi pia, na hapa nataka nimalizie uchambuzi wangu. Wasifu wa marehemu ni andiko fupi linalosomwa kabla ya maziko: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha nani. Wa mwenzetu ulisema alihitimu kidato cha nne mwaka 2012. Divisheni haikutajwa, ya toleo la kwanza wala la pili. Neno "alihitimu" lilisimama peke yake, safi, na kwa mara ya kwanza nililiona jinsi lilivyo pana. Kisha mshereheshaji akaanza kuita makundi kuweka mashada: familia, majirani, kwaya, wachimbaji wenzake. Akaita "waliosoma naye." Tukasimama. Kulikuwa na muuguzi, wapo wa bodaboda, mwalimu, mwenye duka la pembejeo, mimi mwandishi wa habari. Na yule msomaji wetu wa Kilio Chetu naye alisimama, ambaye kwenye risala alikuwa amepungua. Hakuna aliyemwuliza alimaliza au hakumaliza. Aliitwa aliyesoma naye, na alikuwa amesoma naye.

Mshereheshaji yule, kwa maneno mawili, alilieleza darasa vizuri kuliko risala, kuliko Baraza, na kuliko riwaya ninazozipenda. Hakuuliza nani alifaulu wala nani alifika mwisho. Kigezo chake kilikuwa kimoja, kwamba mlikuwa pamoja. Uchungu wangu ni kwamba ilibidi mmoja afe ndipo tuitwe kwa jina hilo.

Kwa hiyo ninapodai riwaya ya darasa, sidai kumbukumbu tamu za ujana wala orodha ya waliofanikiwa. Nadai kitabu kinachoanza siku ya matokeo, kinachoendelea miaka kumi na zaidi, kinachompa kila mtu angalau ukurasa mmoja ambao haumfundishi msomaji chochote, na kinachowahesabu waliotoka njiani sawa na waliovaa joho. Waandishi wa umri wangu, tuliokaa madarasa yenye watu themanini, tuna malighafi ambayo Kezilahabi hakuwa nayo.

Lakini riwaya huchukua muda, na mahafali yapo kila mwaka. Mahali fulani Babati, mwaka huu, kuna kijana ameteuliwa kuandika risala na amepewa mfano wa mwaka jana. Kama andiko hili litamfikia, ombi langu kwake ni dogo. Akifika kwenye ile sentensi ya waliopungua, aiondoe, aandike majina yao, la kwanza tu linatosha, kisha amwombe msomaji ayasome taratibu. Mgeni rasmi ana maji mezani, dakika moja zaidi haitamdhuru.